Maswali ya Studio: Mkia wa Rivabu na Mapigo ya Wimbo

Ukurasa wa leo ni wa rivabu peke yake, yaani mwangwi unaoongezwa kwenye sauti studio. Maswali yaliyofika yanazunguka jambo moja: zile namba za muda ndani ya plagini (programu ndogo ya kuchakata sauti) zinahusianaje na mwendo wa wimbo. Kabla ya kuanza, tukubaliane maneno. Sauti kavu ni sauti kabla ya kuguswa na rivabu. Pridilei ni ule ukimya mfupi kati ya sauti kavu na rivabu kuanza kusikika. Mkia ni rivabu inayobaki ikififia, na dikei ni muda unaochukua mkia huo kufa. BPM ni mapigo kwa dakika. Na baa humu ni baa ya muziki, mapigo manne, siyo ile yenye viti virefu.

Naambiwa rivabu ipigiwe hesabu kwa BPM. Biti yangu ni 96. Hesabu ni ipi, na namba nazipeleka wapi?
*Prodyuza chipukizi, Mbagala*

Gawa 60,000 kwa BPM. Dakika ina milisekunde 60,000, kwa hiyo jibu ndilo urefu wa pigo moja, yaani noti ya robo. Kwa 96 unapata 625. Baada ya hapo ni kuzidisha au kugawa kwa mbili tu: baa nzima 2,500, nusu baa 1,250, 1/8 ni 312, 1/16 ni 156, 1/32 ni 78, 1/64 ni 39, 1/128 ni 19 na nusu. Noti yenye nukta izidishe kwa 1.5. Tripleti izidishe kwa 2 kisha ugawe kwa 3. Desimali usizihangaikie; hakuna sikio linalotofautisha 39 na 39.06.

Namba hizo zinaingia sehemu mbili. Kwanza amua mkia uishe lini: nusu baa, baa moja au baa mbili. Hiyo ndiyo jumla. Kisha chagua pridilei kutoka kwenye noti ndogo. Halafu toa pridilei kwenye jumla, kinachobaki ndicho unachoandika kwenye dikei. Mfano: unataka jumla ya nusu baa, 1,250. Pridilei 1/64 ni 39. Kinachobaki ni 1,211, basi dikei iwe sekunde 1.21. Tunatoa kwa sababu plagini nyingi huanza kuhesabu dikei baada ya pridilei kupita. Usipotoa, mkia unamalizika pigo likiwa limeshaingia.

Kwa biti ya 96 unaweza kuanza na chaneli tatu za rivabu, kila moja na aina yake: chumba kifupi cha robo moja, dikei karibu sekunde 0.6 na pridilei 10 hadi 20, kwa ngoma na gitaa. Pleti (rivabu ya bamba la chuma) ya nusu baa hadi baa nzima kwa sauti ya mwimbaji, pridilei 39. Na ukumbi wa baa mbili, sekunde 5, kwa vinanda vya nyuma tu. Ukumbi huo usiuguse kwa mwimbaji isipokuwa sehemu anayoimba peke yake.

Kuhusu pridilei kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 20 ni sawa na safari ya ziada ya mita 7 kufika ukutani na kurudi. Sikio huunganisha sauti mbili zinazofuatana chini ya milisekunde 30 au 40 na kuziona kitu kimoja. Ndani ya eneo hilo, kufuata BPM kwa ukali hakukupi faida kubwa: ukiweka 35 badala ya 39, wimbo hautalalamika. Faida ya pridilei hapo ni kuziacha konsonanti zipite zikiwa safi kabla wingu halijaja. Mambo hubadilika ukivuka 60. Hapo rivabu huanza kusikika kama kitu cha pili, hasa kwenye maneno yanayoanza na "k", "t" au "p", na kitu cha pili kinachosikika ni mdundo. Kikiwa nje ya mapigo, mwimbaji anaonekana anachelewa. Kwa hiyo hesabu kwa umakini unapotumia 1/32 au noti ndefu zaidi. Chini ya hapo tumia masikio.

Shikamooni. Nimepiga hesabu sawasawa: baa nzima, sekunde 2.5. Lakini korasi ikiingia rivabu haisikiki hata nusu yake, na bado miksi ina ukungu. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Arusha*

Marahaba. Hesabu yako ni sahihi. Tatizo ni kile ambacho dikei inapima.

Namba ya dikei kwa kawaida ni muda wa sauti kushuka kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 60. Kipimo hicho kimetokana na kazi ya Wallace Clement Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambaye mwaka 1895 alipewa ukumbi wa mihadhara usiosikilizika na kuanza kupima, kwa bomba la kinanda, saa na masikio, sauti inachukua muda gani kutoweka. Lakini yeye alikuwa akipima kwenye ukimya wa usiku. Wewe una kiki (ngoma kubwa ya mguu), besi na vinanda vinne. Ndani ya miksi iliyojaa, mkia haufi ukifika 60. Unazama mapema zaidi, unapokuwa chini ya kelele ya vyombo vingine.

Tufanye mfano. Dikei ya sekunde 2.5 inashuka desibeli 24 kila sekunde. Tuseme rivabu inaanza desibeli 15 chini ya mwimbaji, na vyombo vya korasi vinafunika chochote kilicho desibeli 35 chini yake. Mkia una desibeli 20 tu za kusikika. Gawa 20 kwa 24: ni sekunde 0.83. Wewe uliandika baa, msikilizaji anapata pigo moja na kitu. Kwenye ubeti wenye gitaa moja, mfuniko unaweza kushuka hadi 55. Sasa mkia una desibeli 40, yaani sekunde 1.67. Plagini ni ileile, namba ni ileile, lakini ubeti umelowa na korasi imekauka.

Ndiyo maana tunasema BPM inakupa mahali pa kuanzia, na miksi yenyewe inakupa mahali pa kuishia. Fanya hivi. Zungusha baa mbili za korasi, vyombo vyote vikipiga kwa sauti yake ya kawaida. Kata sauti ya mwimbaji ghafla mwishoni mwa neno, juu ya pigo. Sikiliza mkia unapozama. Vuta dikei mpaka uzame kidogo kabla ya neno linalofuata, au kabla ya snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) unayotaka isikike safi. Usifanye kazi hii ukiwa umewasha chaneli ya rivabu peke yake, maana hapo unasikia kitu ambacho hakuna mnunuzi atakayekisikia.

Sasa ukungu. Ukitaka mkia usikike kwa nusu baa kwenye korasi ile, hesabu inadai dikei ya sekunde 3.75. Ukiiweka, utaharibu. Mwimbaji anayetoa silabi nne kwa sekunde anaacha silabi mpya kila robo sekunde, na kwa dikei ya 2.5 silabi iliyopita imeshuka desibeli 6 tu mpya inapofika. Zinalundikana. Kwa hiyo kwenye korasi usirefushe mkia. Pandisha kiwango cha rivabu desibeli 1 au 2, au ongeza dilei (marudio ya sauti baada ya muda) ya 1/8 kwa chini. Kisha safisha kinachoingia. Weka EQ (kichujio cha besi na sauti za juu) kabla ya rivabu, kwenye chaneli yake: kata chini ya 250 hadi 300 Hz kwa kuanzia. Mbinu maarufu iliyopewa jina la studio za Abbey Road, London, hukata hadi 600 Hz chini na 10,000 Hz juu kabla sauti haijaingia kwenye pleti. Ukisikiliza rivabu hiyo peke yake utaona ni nyembamba kama sauti ya redio, lakini ndani ya miksi inakaa mahali pake. Kama plagini yako ina dikei ya besi inayojitegemea, ipunguze iwe 0.5 hadi 0.7 ya dikei kuu. Ukungu unaoulalamikia uko huko chini, kati ya 150 na 400 Hz.

La mwisho: usiiamini namba ya kioo. Plagini nyingine huandika sekunde 2 kumbe kwa sauti za juu ni 1.2, nyingine huandika asilimia tu. Weka pigo moja kavu la fimbo, washa rivabu peke yake, angalia mita ya sauti na gridi ya muda: muda wa kushuka desibeli 30, zidisha kwa mbili, umepata dikei ya kweli.

Biti ya 100, snea iko pigo la 2 na la 4. Nikiiwekea rivabu inakuwa kubwa lakini kiki inamezwa. Na ile snea ya zamani inayokatika ghafla inatengenezwaje?
*Fundi wa studio, Mwanza*

Kwa 100 robo ni milisekunde 600. Kutoka snea hadi snea ni 1,200, lakini usitumie namba hiyo, kwa sababu katikati kuna kiki. Lengo lako ni 600. Snea hupigwa kwa nguvu, kwa hiyo mkia wake una nafasi ndefu ya kusikika kuliko wa mwimbaji; chukulia desibeli 35. Dikei ya sekunde 1.0 inashuka 60 kwa sekunde, hivyo desibeli 35 zinakwisha kwenye milisekunde 583. Umefika kabla ya kiki. Anzia hapo, kisha sogeza kwa sikio. Pridilei ya snea iwe 0 hadi 10. Ukiipa 40 kama ya mwimbaji utasikia mapigo mawili, kana kwamba mpiga ngoma amegusa ngozi kwa fimbo mbili zisizolingana.

Snea ya kukatika ni rivabu iliyofungiwa geti, kifaa kinachofungua na kukata sauti. Ilipata umaarufu kutoka studio za Townhouse, London, mwishoni mwa miaka ya 1970, kazi ya fundi Hugh Padgham na mpiga ngoma Phil Collins wakati wa kurekodi albamu ya Peter Gabriel. Weka rivabu nene, dikei sekunde 2 au zaidi, kisha geti baada yake. Hapa ndipo wengi hukosea: geti isisikilize rivabu, isikilize snea kavu kupitia ingizo lake la pembeni. Ikisikiliza rivabu, pigo la nguvu linaacha mkia mrefu na pigo dogo linaacha mkia mfupi, na ule mlingano wa mapigo unapotea. Ikisikiliza snea kavu, kila pigo linapata muda uleule. Kwa biti yako: geti ifunguke haraka kadiri inavyoweza, ishikilie kwa milisekunde 280, iachie kwa 20. Jumla 300, sawa na 1/8. Ukitaka ijae zaidi, fika 1/8 yenye nukta, yaani 450: shikilia 420, achia 30.

Natengeneza singeli, 210 kwenda juu. Kila rivabu ninayoweka inageuka kelele. Au singeli haitaki rivabu?
*Dj na prodyuza, Manzese*

Inataka, ila si ile unayoijua kutoka kwenye zouk. Kwa 210 robo ni milisekunde 286, na baa nzima ni 1,143 tu. Yaani mkia ambao kwa wimbo wa taratibu tungeuita mfupi, kwako unakula baa yote. Na MC anatema silabi kila 1/8, milisekunde 143. Mkia wowote unaosikika zaidi ya hapo unakaa juu ya neno linalofuata.

Weka chumba kidogo, dikei 0.3 hadi 0.5, pridilei 18 ambayo ndiyo 1/64 yako. Kama plagini inakuruhusu kutenganisha miakisi ya mwanzo (sauti za kwanza kurudi kutoka ukutani) na mkia, pandisha miakisi na shusha mkia karibu na sifuri. Miakisi ndiyo inayompa MC ukubwa bila kumfunika. Ukubwa wa ziada utafute kwenye dilei ya robo, 286, isiyokaa muda wote: iite mwisho wa mstari tu, kwa kuchora otomesheni (mabadiliko yanayojiendesha) ya sendi, yaani kiasi cha sauti kinachopelekwa kwenye athari, kwenye neno la mwisho. Na ukikosa raha na namba hizi ndogo, hesabu kwa nusu mwendo. Watu wanacheza singeli wakibeba mwili kwa 105 hata kama kinanda kinakimbia 210, na mkia wa nyuma wa kinanda unaweza kufuata mwendo huo wa mwili.

Nina wimbo wa chakacha. Ngoma zinakwenda vizuri, lakini nikiweka dilei na pridilei kwa 1/8 inapishana nazo. Mradi uko 110.
*Msomaji wa kike, Mombasa*

Dada, chakacha ni 6/8, na programu yako inadhani unapiga 4/4. Hapo ndipo penye kosa.

Pigo linalochezesha kiuno ni robo yenye nukta, lenye vipande vitatu ndani yake. Kama pigo hilo ni 110 kwa dakika, urefu wake ni milisekunde 545, na kila kipande ni 182. Programu iliyowekwa 110 kwa 4/4 inaposikia 1/8 inagawa 545 kwa mbili, inapata 273. Angalia vipande vyako vinaangukia wapi: 182 na 364. Hiyo 273 iko katikati kabisa ya viwili hivyo. Haiwezi kupishana zaidi ya hapo.

Una njia mbili. Ya haraka ni kubaki na 110 na kuchagua tripleti ya 1/8, ambayo ni 182. Iliyo safi zaidi ni kubadili mradi uwe 6/8 na BPM iwe 165, kwa kuwa programu nyingi huhesabu BPM kwa robo isiyo na nukta, na 110 mara 1.5 ni 165. Sasa 1/8 ya kawaida ni 182 na baa, ambayo hapa ni mapigo mawili ya kiuno, ni 1,091. Kwa rivabu ya mwimbaji, mkia unaosikika uishe kwenye 545 au 1,091. Pridilei iwe nusu ya nusu ya kipande, karibu 45, au nusu yake tena, 23. Ile 273 usiitupe kabisa. Mbili dhidi ya tatu ni lugha ya ngoma za pwani, na dilei ya namna hiyo kwenye ala moja, kwa sauti ya chini, inaweza kupendeza. Iwe tu umeichagua wewe.

Tumerekodi kwaya kanisani. Ukumbi wenyewe una mwangwi mkubwa. Tutaulinganishaje na mwendo wa wimbo?
*Katibu wa kwaya, Bukoba*

Mkishamaliza kurekodi, hamtaulinganisha. Rivabu ya jengo haina kitufe. Mnachoweza kupanga ni jengo, maikrofoni na mwendo wa wimbo, na vyote ni kabla ya kurekodi.

Kanuni ya Sabine inasaidia kukadiria. Chukua ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawa kwa jumla ya unyonyaji wa sauti kwa mita za mraba. Ukumbi wa mita 30 kwa 15 wenye dari ya mita 8 una ujazo wa 3,600. Kama kuta, sakafu na mabenchi vinanyonya sawa na mita za mraba 240, dikei ni sekunde 2.4. Waingize watu 200, kila mmoja akinyonya karibu 0.45, unyonyaji unafika 330 na dikei inashuka hadi karibu 1.8. Ndiyo sababu mazoezi ya Jumamosi na ibada ya Jumapili havifanani, na ndiyo sababu kurekodi kanisa likiwa tupu ni uamuzi mzito. Madirisha yaliyofunguliwa hunyonya kila kinachoyafikia, ila yanaingiza pikipiki. Mazulia yaliyotandikwa kwenye mabenchi matupu, na mapazia mazito ukutani nyuma ya maikrofoni, yanasaidia zaidi.

Kwaya bila vyombo haina kinachofunika mkia, kwa hiyo karibu wote unasikika. Mwalimu akichagua mwendo wa 72, baa ni sekunde 3.3 na maneno yanapumua. Akikimbiza hadi 120, baa ni sekunde 2 na kila kiitikio kinakanyaga mkia wa kilichotangulia. Sogezeni maikrofoni hadi mita 2 au 3 kutoka kwa waimbaji. Kwenye miksi msiongeze rivabu ndefu. Mwimbaji wa pekee aliyerekodiwa karibu ndiye wa kupewa rivabu, dikei ileile ya ukumbi, pridilei 20 hadi 30, ili aonekane amesimama mbele ya wenzake katika jengo lilelile.

Rumba yetu inaanza taratibu, halafu sebene inapanda mwendo. Hatukutumia kliki (mlio wa kuhesabia mapigo). Nibadilishe namba katikati ya wimbo?
*Mpiga gitaa, Goma*

Usibadilishe namba, badilisha chaneli. Ukisogeza pridilei sauti ikiwa ndani, plagini nyingi hutoa mlio wa kukwaruza au sauti inateleza kama kanda inayovutwa. Tengeneza chaneli mbili za rivabu, moja ya sehemu ya kuimba, nyingine ya sebene, kisha chora sendi: ya kwanza ishuke pale gitaa la solo linapoingia, ya pili ipande. Mkia wa kwanza utakufa wenyewe.

Kupata mwendo bila kliki, hesabu mapigo 16 ukianzia sifuri, soma sekunde zilizopita, gawa 960 kwa sekunde hizo. Mapigo 16 kwa sekunde 9.6 ni 100. Bendi ikiyumba kati ya 100 na 102, robo inabadilika kutoka 600 hadi 588, na pridilei ya 1/64 haibadiliki hata milisekunde moja. Usipoteze siku nzima kuchora ramani ya mwendo kwa ajili ya rivabu.

Nimeandika pridilei 20 lakini nasikia kama 60. Plagini ni mbovu?
*Msomaji, Kampala*

Kagua vitu viwili. Rivabu inayotumia sampuli ya ukumbi halisi mara nyingi ina ukimya mwanzoni mwa faili lenyewe, milisekunde 10 hadi 40, ambao unajumlishwa kwenye pridilei yako. Fungua faili, ukate ukimya huo. Pili, hakikisha programu yako imewasha fidia ya ucheleweshaji wa plagini. Na ukiwa hapo, hakikisha rivabu kwenye chaneli ya sendi iko asilimia 100 ya mwangwi. Ikiachia sauti kavu, kila ukipandisha sendi unampandisha na mwimbaji, na ukipunguza unamshusha.

Nataka mkia mrefu wa baa nzima kwa mwimbaji, lakini maneno yasifunikwe. Inawezekana?
*Prodyuza, Nakuru*

Inawezekana, kwa kompresa (kifaa kinachoshusha sauti inapozidi) baada ya rivabu, ikisikiliza sauti kavu ya mwimbaji. Akiimba, kompresa inaikandamiza rivabu. Akinyamaza, rivabu inainuka. Weka kiwango ili ishuke desibeli 3 hadi 6, isizidi. Ikamate kwa milisekunde 5 hadi 10. Muda wa kuachia ndio unaofungwa kwenye BPM: kati ya 1/8 na robo. Kwa biti ya 96 ni 312 hadi 625. Ukiachia haraka mno, kwa mfano 50, rivabu itaruka kati ya silabi na utasikia inapumua kama mtu aliyepanda ngazi. Ukichelewesha kupita robo, mstari unaofuata unaingia kabla rivabu haijainuka, na ile baa nzima uliyoitaka haitasikika kamwe.

Studio rivabu inasikika tamu. Kwenye simu na ndani ya daladala imepotea.
*Msanii, Morogoro*

Simu nyingi hucheza karibu mono, na rivabu pana hupoteza sehemu yake kushoto na kulia vinapounganishwa. Bonyeza kitufe cha mono kwenye chaneli kuu. Rivabu ikishuka zaidi ya desibeli 3 hivi, punguza upana wake hadi asilimia 70 au 80. Pia spika ndogo haitoi chochote cha maana chini ya 250 Hz, kwa hiyo kama utamu wa mkia wako ulikuwa huko, haufiki.

Daladala ni kisa kingine: injini na upepo vinapandisha ule mfuniko tuliomweleza msomaji wa Arusha. Mkia unaweza kubaki na desibeli 10 tu za kusikika. Kwa dikei ya 2.5 hiyo ni sekunde 0.4, chini ya pigo moja la biti ya 96. Huwezi kuushinda mfuniko huo kwa dikei ndefu. Unachoweza kufanya ni kuhakikisha nusu sekunde ya kwanza inajitosheleza: pridilei isiyofunika konsonanti, miakisi ya mwanzo iliyo wazi, na dilei ya 1/8 au robo kwenye maneno ya mwisho wa mstari. Ukitaka kujaribu bila kupanda gari, punguza spika za studio hadi kiwango cha mazungumzo, washa feni ya mezani karibu na sikio, kisha usikilize korasi.